Somo la Lugha: Maneno ya Kiholanzi Yahusuyo Vitu Vilivyokwisha Kutumika

Katika matangazo madogo ya biashara huko Uholanzi limo neno moja liwezalo kumtega mgeni, nalo ni liefhebber. Alitafutaye katika kamusi huambiwa kwamba maana yake ni mtu apendaye jambo fulani kwa moyo. Basi tangazo lisemapo kwamba jenereta inauzwa voor de liefhebber, yaani "kwa ajili ya mpenzi wake", msomaji asiyezoea hudhani ni mtambo wa thamani, uliotunzwa kama mboni ya jicho. Mholanzi asomapo maneno hayo hayo huelewa vingine. Yeye hujua kwamba muuzaji anasema kwa adabu: mtambo huu una kasoro nyingi, na hautamfaa ila mtu aonaye raha kumaliza Jumamosi zake zote akifungua na kufunga skrubu.

Kamusi haikusema uongo. Hata hivyo, halmashauri itakayolipa fedha za wanachama kwa kuitegemea kamusi peke yake itakuja kuelezwa maana ya neno hilo katika mkutano mkuu, na itaelezwa kwa sauti kubwa.

Bandari ya Rotterdam, iliyo kubwa kuliko zote katika Ulaya, ni mojawapo ya njia zipitishazo vitu vilivyotumika viendavyo Afrika: nguo, baiskeli, matrekta, malori na mitambo ya shamba. Uholanzi ni nchi ya maziwa, na wakulima wake waachapo kufuga, au wapanuapo mifugo yao, huuza vifaa vya zamani ambavyo bado vyaweza kuwafaa wengine. Aidha, kwa miaka mingi wametoka Afrika Mashariki wanafunzi waendao kusoma kilimo katika mji wa Wageningen, na wengine wengi wanaishi na kufanya kazi katika nchi hiyo. Kwa hao maneno ya somo hili ni ya kila siku, tangu sufuria la kwanza wanunualo. Kwa chama cha msingi kitumiwacho orodha ya bei na picha tatu za mtambo, maneno hayo ni kinga ya fedha.

Sauti chache za kutangulia

Mswahili ana nafuu moja kubwa. Herufi g ya Kiholanzi, ambayo huwashinda Waingereza wengi, hutamkwa karibu sawa na kh ya neno "kheri". Asemaye "kheri" kama wasemavyo watu wa pwani ataweza kusema gebruik, yaani matumizi, bila kuumiza koo. Herufi oe zikiwa pamoja ni u ya Kiswahili, kwa hiyo schoen, kiatu, hutamkwa "skhun". Herufi d mwishoni mwa neno hugeuka t: geld, pesa, ni "khelt". Sauti ui ndiyo ngumu, na haina mfano katika Kiswahili. Mwanafunzi aanze kusema "au" huku midomo imechongoka, kisha amsikilize Mholanzi.

Viungo vya maneno

Maneno mengi ya Kiholanzi hujengwa kwa kuunganisha vipande, na mwenye kuvijua vipande hivyo hahitaji kukariri kila neno. Kipande cha kwanza kinachofaa kujulikana ni her-, ambacho maana yake ni "tena" au "upya". Kutoka gebruik, matumizi, hupatikana hergebruik, kutumia tena. Hervullen ni kujaza tena, na herstellen ni kukirudisha kitu katika hali yake.

Kipande cha pili huja mwishoni mwa neno, nacho ni -baar. Hicho hufanya kazi ile ile ifanywayo na kiambishi cha Kiswahili -ika au -lika katika maneno kama "yalika", "someka" na "pitika". Basi neno herdraagbaar lisimtishe mtu. Her ni tena, draag ni kuvaa, baar ni -lika: inayovalika tena. Neno hilo lina uhusiano na masoko ya Afrika Mashariki. Nguo zilizotiwa katika kledingbak, yaani sanduku kubwa la chuma liwekwalo mitaani kwa ajili ya nguo kuukuu, hupelekwa kuchambuliwa. Zilizo herdraagbaar hutengwa, na nyingi kati ya hizo hufungwa marobota na kuuzwa nchi za nje. Zisizovalika hufanywa matambara ya kufutia mashine au hurudishwa kuwa nyuzi. Robota hilo kwa Kiholanzi ni baal, na kwa Kiswahili ni mtumba. Lugha moja iliita nguo kwa jina la mzigo wake, nayo Kiholanzi huziita tweedehands, yaani za mkono wa pili. Zamani hapakuwa na mfanyabiashara aliyelazimika kuzifikiria nguo hizo baada ya kuziuza. Lakini tangu tarehe 1 Julai 2023 sheria ya Uholanzi imewabebesha watengenezaji na waingizaji wa nguo wajibu wa kuhakikisha kwamba zinakusanywa na kutumika tena.

Kipande cha tatu kina hila. Ni weg, maana yake "mbali" au "kuondoka". Weggooien ni kutupa. Lakini katika sentensi neno hilo hukatwa vipande viwili, na weg hupelekwa mwisho kabisa: Ik gooi de stoel weg, nakitupa kiti. Na mtu asiyetaka kutupa husema: Ik gooi de stoel niet weg. Kiswahili hutanguliza kanusho. Asemaye "sikitupi" amekwisha kueleweka katika silabi ya kwanza. Mholanzi hukaa na kanusho lake hadi karibu na nukta. Kwa sababu hiyo mgeni hana budi kusubiri sentensi iishe ndipo aitikie. Tofauti ni kubwa zaidi mtu anunuapo. Kitenzi nemen, kuchukua, hubadilika kwa kile kijacho nyuma yake: meenemen ni kuchukua na kwenda nacho, overnemen ni kukichukua kitu kutoka kwa mwenye nacho kwanza, na terugnemen ni kukipokea kitu kirudishwapo. Wij nemen de machine niet terug maana yake ni kwamba mashine ikishauzwa haipokelewi tena. Aliyesikia nusu ya kwanza tu amesikia ahadi ambayo haikutolewa.

Nyumbani

Mengi ya maneno haya yalizaliwa jikoni na kabatini, kabla serikali haijayatungia sheria. Chakula kilichobaki huitwa kliekje, ambacho ni kiporo hasa, na siku ya kula viporo huitwa kliekjesdag. Oud brood, mkate uliolala, huchovywa katika maziwa na mayai, hutiwa mdalasini, kisha hukaangwa. Hapo huitwa wentelteefjes, na watoto huupenda kuliko ulipokuwa mpya.

Nguo anayoachiwa mdogo na mkubwa wake huitwa afdankertje. Kitenzi chake ni afdanken, na ndani yake limo neno danken, kushukuru. Hapo zamani askari au mtumishi alipoachishwa kazi alishukuriwa na kuruhusiwa aende zake, na ndivyo ilivyofanyiwa kanzu pia. Kushona mahali palipochanika ni verstellen, na kutia kiraka ni oplappen, kutokana na lap, kipande cha kitambaa. Kuziba tundu la soksi kwa uzi huitwa stoppen, neno ambalo pia maana yake ni kusimama. Mgeni aambiwapo kwamba bibi wa nyumba anakaa akifanya stoppen asidhani kwamba ameacha kazi.

Mitaani nako walikuwako watu walioishi kwa mabaki ya wengine. Voddenman alizunguka akikusanya matambara na vyuma vya zamani. Matambara yalikuwa na soko, maana kabla ya viwanda kuanza kutumia mbao katika karne ya 19, karatasi ya Ulaya ilitengenezwa kwa hayo. Schillenboer alipita na gari la farasi akikusanya maganda ya viazi na mboga kwa ajili ya kulishia ng'ombe, na wazee wa miji ya Uholanzi bado wanamkumbuka. Schil ni ganda. Boer ni mkulima, neno lile lile lililoingia katika Kiswahili likawa "Kaburu". Mfugaji wa leo atambuaye bei ya chakula cha ng'ombe hatashangaa kwamba mtu aliweza kupata riziki kwa maganda.

Methali yao isemayo Wie wat bewaart, die heeft wat, yaani awekaye kitu huwa na kitu, inalingana na ile ya Kiswahili isemayo kwamba akiba haiozi.

Dukani na sokoni

Duka liuzalo vitu vilivyotolewa na watu huitwa kringloopwinkel. Kring ni duara, loop ni mwendo, winkel ni duka: duka la mwendo wa kuzunguka. Humo huuzwa vikombe, vitabu, makabati, vitanda na redio, na mengi ya maduka hayo huwapa kazi watu ambao kwingine wasingeajiriwa upesi. Mwanafunzi mgeni afikaye mjini na masanduku mawili huelekezwa huko kwanza. Soko la mabaki huitwa rommelmarkt, soko la vurugu ya vitu, au vlooienmarkt, soko la viroboto. Tarehe 27 Aprili, siku ya kuzaliwa Mfalme Willem-Alexander, huwapo vrijmarkt, soko huria, ambapo kila mtu huruhusiwa kuuza vitu vyake barabarani. Watoto hutandika kitambaa chini na kupanga vidoli walivyochoka navyo. Kabla ya mwaka 2014 sikukuu hiyo ilikuwa tarehe 30 Aprili.

Huenda mtu akakuta kiti mlangoni pa nyumba kikiwa na karatasi iliyoandikwa gratis mee te nemen. Hiyo ni ruhusa kamili: kichukuliwe bure. Lakini kiti kisicho na karatasi kina mwenyewe.

Matangazo ya watu binafsi, ambayo zamani yalijaa katika magazeti, sasa kwa sehemu kubwa yamo katika mtandao uitwao Marktplaats, ulioanza mwaka 1999. Vifupisho vya magazeti vimehamia nao. T.k. ni te koop, inauzwa. Z.g.a.n. ni zo goed als nieuw, nzuri karibu sawa na mpya. T.e.a.b. ni maneno manne yasemayo kwamba muuzaji atakubali bei yoyote iliyo ya kuridhisha. Ophalen ni kukifuata kitu kilipo; verzenden ni kukituma. Moet weg maana yake ni kwamba kitu hicho lazima kiondoke, na hapo mnunuzi ana nguvu ya kupatana. Jambo moja la adabu linafaa kusemwa. Katika masoko ya Afrika Mashariki kuuliza "bei ya mwisho ni ngapi?" ni jambo la kawaida, na muuzaji huona kwamba mazungumzo yameanza. Kiholanzi kina maneno hayo hayo, laatste prijs, lakini kuyatanguliza kabla hata ya kusalimu huwaudhi wauzaji wengi, ambao hufunga mazungumzo. Aseme kwanza: Is het nog te koop? Je, bado kinauzwa? Kisha: Mag ik een bod doen? Naweza kutaja bei yangu? Na kwa mtu mzima asiyemjua atumie u, ambalo ni neno la heshima, asitumie jij litumiwalo kati ya rafiki na rafiki.

Amana ya chupa

Neno statiegeld litaeleweka mara moja na kila aliyewahi kununua kreti ya soda na kuambiwa alete chupa tupu. Ni amana ilipwayo juu ya chombo, na hurudishwa chombo kirudipo. Kurudisha huko ni inleveren. Mnunuzi huingiza chupa katika mashine iliyomo dukani, hubonyeza kitufe, naye hupewa bon, hati ndogo ambayo huipeleka kwa mshika fedha. Kwa chupa ya kawaida ya bia amana ni senti 10 za euro, na kwa kreti yenyewe euro 1.50. Kreti yenye chupa 24 kwa hiyo ina amana ya euro 3.90. Chupa ndogo za plastiki za maji na soda ziliingizwa katika utaratibu huo tarehe 1 Julai 2021, na makopo tarehe 1 Aprili 2023, kila kimoja kwa senti 15. Tangu hapo wako watu katika miji mikubwa wakusanyao chupa na makopo yaliyotupwa, na baadhi ya miji imeweka vishikizo kando ya mapipa ya taka ili chupa ziachwe nje, kusudi mkusanyaji asilazimike kupekua uchafu.

Hapa mweka hazina wa chama na atulie kidogo. Katika hati ya duka la Uholanzi statiegeld huandikwa katika mstari wake, mbali na bei ya kinywaji, na kuna sababu. Bei imekwisha kwenda; amana bado ni mali ya mnunuzi iliyo mikononi mwa mwingine. Anayeandika yote mawili katika leja kama matumizi atashindwa kueleza kreti kumi zilizoko ghalani ni za nani, na siku chupa zipoteapo hatajua kwamba fedha zimepotea. Kosa hili haliko Uholanzi tu.

Utaratibu huo huo umo katika biashara ya maua. Royal FloraHolland, ambao ni ushirika wa wakulima wenye mnada mkubwa huko Aalsmeer, na ambao miongoni mwa wanachama wake wamo wakulima wa Kenya, hutumia ndoo na makasha yaitwayo kwa jumla fust. Yako ya aina mbili: eenmalig, ya mara moja, na meermalig, ya mara nyingi. Ya mara nyingi hulipiwa amana na hurudi. Maal ni mara, een ni moja, meer ni zaidi. Hapo tena maneno yamejieleza yenyewe.

Chupa zisizo na amana hupelekwa katika glasbak, sanduku la vioo. La kwanza liliwekwa mwaka 1972 katika mji wa Zeist kwa juhudi za kina mama wawili wa mji huo. Vioo vya humo huvunjwa na kuyeyushwa, kwa hiyo si hergebruik kwa maana yake kamili, maana chupa hairudi ikiwa chupa ile ile. Tofauti hii ilitiwa mkazo na mbunge Ad Lansink katika hoja aliyoitoa bungeni mwaka 1979. Aliweka ngazi: juu kabisa ni kuepuka taka zisitokee, kisha kukitumia tena kitu kilivyo, kisha kuitumia tena mali yake ghafi, kisha kuchoma, na chini kabisa ni kufukia ardhini. Waholanzi huiita Ladder van Lansink, ngazi ya Lansink.

Kwa mwanaushirika, hata hivyo, neno lenye ladha kuliko yote hayo ni oud papier, karatasi kuukuu. Katika miji na vijiji vingi karatasi hizo hukusanywa na vyama vya wananchi: chama cha mpira, bendi ya matarumbeta, shule. Jumamosi moja kwa mwezi wanachama hupita nyumba hadi nyumba, na malipo ya karatasi huingia katika kas ya chama, yaani hazina yake. Vereniging ni chama, na coöperatie ni ushirika. Kwa fedha za karatasi zimenunuliwa jezi na matarumbeta. Bei ya karatasi hupanda na kushuka kama ya pamba, na vyama vilivyoitegemea mno vimewahi kujikuta havina kitu. Hilo nalo linafanana na mambo ya huku.

Kutengeneza

Kitu kilichovunjika ni kapot au stuk. Kiharibikapo bila kuvunjika, Mholanzi husema Het doet het niet, ambayo neno kwa neno ni "hakifanyi hicho". Maneno Het doet het nog ni habari njema: bado kinafanya kazi. Kutengeneza ni repareren, lakini katika mazungumzo watu husema maken, neno ambalo pia maana yake ni kuunda. Ndiyo sababu fietsenmaker, ambaye kwa jina ni muunda baiskeli, aghalabu hajapata kuunda hata moja. Yeye huziba pancha na kukaza spoki. Schoenmaker vivyo hivyo hushona viatu vilivyochakaa. Kiswahili kina neno fundi, ambalo huwachukua wote wawili, mwenye kuunda na mwenye kutengeneza, na hakuna aonaye ajabu.

Tarehe 18 Oktoba 2009 mwandishi wa habari Martine Postma alifungua huko Amsterdam baraza la kwanza liitwalo Repair Café. Watu huleta pasi, redio na suruali zilizoharibika, na mafundi wa kujitolea huketi nao wakazitengeneza pamoja bila malipo ya lazima. Sasa mabaraza hayo yamo katika nchi nyingi na idadi yake imepita elfu mbili. Msomaji wa Moshi au Kisii atauliza kuna nini kipya katika jambo hilo, wakati kila mtaa wake una fundi chini ya mti. Ni swali la haki. Jibu ni kwamba katika Uholanzi ufundi wa namna hiyo ulikuwa ukitoweka, kwa kuwa ujira wa saa moja ya fundi ulizidi bei ya pasi mpya.

Mtambo wa chama

Tuseme sasa kwamba chama cha wafugaji kinatafuta melkkoeltank, tangi la kupozea maziwa. Melk ni maziwa, koel ni baridi, tank ni tangi. Tangazo linasema gebruikt, limetumika, na kwamba ni in goede staat, katika hali njema. Gebruikssporen ni alama za matumizi, kama mikwaruzo na kubonyea, na hizo hazipozi wala hazizuii maziwa kupozwa. Roest, kutu, ni jambo jingine. Bouwjaar ni mwaka wa kuundwa. Kwa trekta na jenereta hutajwa pia draaiuren, saa ilizozunguka, na mtambo usiotajwa saa zake uulizwe.

Yapo maneno matatu ambayo hayapaswi kuchanganywa hata kidogo. Gereviseerd maana yake ni kwamba mtambo umefunguliwa, sehemu zilizochakaa zimebadilishwa, kisha umefungwa. Opgeknapt maana yake ni kwamba umefanywa upendeze. Huenda ikawa ni rangi tu. Opknapper, lililotoka katika kitenzi hicho hicho, ni kitu ambacho bado hakijafanyiwa lolote, na kazi hiyo inamngoja mnunuzi. Tofauti ya neno la pili na la tatu ni herufi chache, na tofauti ya yote mawili na la kwanza yaweza kuwa akiba ya mwaka mzima ya chama. Anayedai kwamba mtambo wake ni gereviseerd aombwe hati ya fundi ionyeshayo ni sehemu zipi zilizobadilishwa.

Niet getest ni "haukujaribiwa". Muuzaji aliye karibu na umeme na asijaribu mtambo wake mwenyewe ana sababu yake. Defect ni mbovu, na voor onderdelen ni wa kutolea vipuri. Zonder garantie ni bila dhamana. Alleen ophalen ni "kufuatwa tu": muuzaji hapakii, hasafirishi, hafungi. Tangi la bei ya chini lililo alleen ophalen katika kijiji cha Friesland bado lina gharama ya lori, ya winchi, ya bandari, ya meli na ya ushuru, na hizo zote hazimo katika tangazo.

Kwa tangi la maziwa yako maneno mawili zaidi ya kusomwa katika kibao cha chuma kilichopigwa riveti juu ya mtambo. La kwanza ni krachtstroom, umeme wa nyaya tatu. Kituo cha maziwa chenye umeme wa njia moja tu hakitaweza kuliendesha. La pili ni koudemiddel, gesi ya kupozea, nayo hufuatiwa na herufi R na namba. Ikiandikwa R22, halmashauri isimame hapo hapo. Gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni, na tangu tarehe 1 Januari 2015 ni marufuku katika Umoja wa Ulaya kuijaza katika mitambo, wakati sheria za Umoja huo zinabana pia usafirishaji nje wa vifaa vyenye gesi za namna hiyo. Basi tangi hilo limekuwa rahisi kwa sababu nyumbani kwake halina maisha tena, na chama kingenunua pamoja nalo tatizo la kupata gesi hiyo, ambayo hata nchi za Afrika zimekubali kuiacha kidogo kidogo.

Katibu apokeapo tangazo na aliandike katika kitabu cha kumbukumbu kwa Kiholanzi chake kamili, kisha tafsiri kando yake. Tafsiri peke yake haitoshi, maana ikiwa ugomvi utatokea, neno lililouzwa ni lile la Kiholanzi.

Zoezi la kikundi

Yafuatayo ni matangazo matatu yaliyotungwa kwa ajili ya zoezi. Kikundi kiyasome, kiyatafsiri, kisha kieleze ni lipi ambalo halmashauri yaweza kuliandikia barua, barua hiyo iulize nini, na ni lipi la kuachwa kwa mpenzi wake.

Melkkoeltank, 1.000 liter, gebruikt, doet het nog, bouwjaar 1996, koudemiddel R22, alleen ophalen.

Aggregaat, opgeknapt, niet getest, moet weg, t.e.a.b. Voor de liefhebber.

Aggregaat, gereviseerd, draaiuren bekend, lichte gebruikssporen, drie maanden garantie. Bekend ni "zinajulikana". Drie maanden ni miezi mitatu. Aggregaat ni jenereta.